Firigisi ya Papa Kabeya

Siku mliyoniaga jikoni hospitalini mliniambia nisiondoke na mambo yangu yote kichwani. Haya basi, nimekaa barazani hapa Likasi, miguu imepumzika, naandika. Vyeo nilivyopewa na mishahara niliyolipwa, au niliyoahidiwa, sitavigusa. Anayeitaka habari hiyo akaitafute ofisini, na Mungu amsaidie kuipata. Nitaandika juu ya wakati nilipokuwa bado mwanafunzi wa lishe, nikipika katika nyumba ya watu ili nipate ada ya shule. Huko ndiko nilikochanganyikiwa barabara kwa mara ya kwanza, na kusema kweli sijatoka kabisa.

Siku ya kwanza shuleni tulianza kwa kucheza. Enzi hizo za Zaire, kila asubuhi kabla ya masomo tuliimba na kukata viuno kwa ajili ya Chama, jua likituchoma utosini, kwa hiyo njaa ilitufundisha lishe kabla ya mwalimu kufungua mdomo. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Tuliitana sitwayeni huyu na sitwayeni yule, yaani raia fulani, na mimi niliyebatizwa Véronique nikabaki Feza tu. Mwalimu wetu alikuwa mtawa Mbelgiji, na kwa kuwa hakuna aliyejua sheria mpya inataka aitweje, tuliendelea kumwita Masera, yaani sista.

Masera alikuwa na vitu viwili alivyovipenda baada ya Mungu. Kimoja kilikuwa mizani ya jikoni, aliyoifunika kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Cha pili kilikuwa kitabu cha vyakula kilichotoka Ulaya. Humo mlikuwa na jibini za kila namna, na mboga ambazo hakuna mtu wa Likasi aliyewahi kuziona isipokuwa kwenye picha. Sombe, yaani kisamvu, haikuwemo. Matembele hayakuwemo. Nilinyoosha mkono nikauliza bukari, yaani ugali wetu, iko ukurasa gani. Masera alipekua mbele, akapekua nyuma, akavua miwani akaifuta. Halafu akasema, "Andika viazi." Mwaka ule wote nilipima bukari kwa jina la viazi, na katika mtihani nilipata alama nzuri.

Nyumbani tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa Kompani ya migodi. Baba alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma mpaka kifua kilipomwangusha, akaacha kazi kabla ya wakati. Mama akaanza kukaanga mikate, ile midogo ya mviringo ya mafuta, nami nikawa nauza kwenye lango la shule kabla ya kengele. Fikirieni. Asubuhi nauza mikate ya mafuta, saa moja baadaye naandika kwenye daftari kwamba vyakula vya kukaangwa ni adui wa moyo. Masera mwenyewe alinunua mmoja kila siku, akaula wote, akaniambia ni kwa ajili ya kunisaidia.

Lakini mikate haikutosha kulipa ada. Masera alipoona nimeanza kukosa masomo, alinipeleka kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Kikula aliyekuwa akiiuzia shule samaki wakavu. Huyo ndiye Mama Ntumba. Mumewe, Papa Kabeya, alikuwa karani wa Kompani, mtoto wa mtu wa Kasai aliyeletwa na treni zamani kufanya kazi ya migodi. Papa Kabeya aliugua kidole gumba cha mguu. Daktari aliuita ugonjwa huo kwa Kifaransa, goutte, yaani jongo. Kilivimba kikawa chekundu, na shuka tu likikigusa mtu mzima alilia. Alikuwa akienda ofisini na abakosti, koti la enzi hizo lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, mguu mmoja ndani ya kiatu cha ngozi, wa pili ndani ya kandambili ya mkewe.

Daktari alikuwa amemkataza pombe, nyama ya mbuzi, samaki wa kopo, na viungo vyote vya ndani vya mnyama: maini, figo, firigisi. Mama Ntumba alishinda sokoni na hakuwa na muda wa kupika vyakula vya namna mbili. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu, akasema, "Masera anasema weye unajua rejime, chakula ya mugonjwa. Bon. Utapika, nitakulipia masomo. Mais kama mbele ya Pasaka ule muguu haiingie mu kiatu, kila muntu na njia yake." Nikakubali upesi kabla hajabadilisha mawazo. Nilijua kwamba nikifukuzwa pale, shule imekwisha, maana kwetu hapakuwa na mtu mwingine wa kunilipia.

Nilipika kama mtu anayefanya mtihani kila siku. Masera aliniazima mizani, nikawa naibeba kwenye kikapu kutoka shule hadi Kikula, na njiani watu waliniuliza nauza nini. Mama Ntumba hakuwa bahili. Jumapili alileta kuku mzima, na mara nyingine katikati ya wiki pia, maana biashara ya samaki ilikuwa nzuri. Nilimchuna ngozi, nikaondoa mafuta, nikatoa maini na firigisi, nikapika kilichobaki kwa nyanya na chumvi kidogo. Mara ya kwanza nilimwuliza Mama Ntumba vya ndani niviweke wapi.

"Beba kwenu," akasema. "Papa hana ruhusa. Na minye siwezi kula firigisi mu nyumba yenye bwana yangu eko. Itaoza bure."

Nikavifunga ndani ya jani la mgomba nikampelekea baba. Kifua kilikuwa kimemwondolea hamu ya kula, amebaki kuchokora bukari kama kuku mgonjwa, lakini firigisi aliila, akalamba hata vidole. Alidhani ni vya masomo ya vitendo shuleni. Hakuuliza, nami sikumweleza, maana hakupenda kusikia binti yake anapika kwa watu. Mama naye alifurahi kuona sahani imerudi tupu.

Sasa ndipo ninapowaomba mchanganyikiwe pamoja nami. Mgonjwa anakula chakula kilichopimwa, hakuna chumvi nyingi, hakuna mafuta, hakuna hata kimoja cha vile vilivyokatazwa. Na mguu unazidi kuvimba. Wiki hadi wiki kidole kiling'aa kama nyanya iliyoiva. Nilipunguza nyama, mguu ukavimba. Nikaongeza maji ya kunywa, ukavimba. Nikakesha na kile kitabu cha Ulaya mpaka nikaanza kukishuku hata kitunguu.

Nilimpelekea Masera shida yangu. Aliweka pakiti ya sukari juu ya mizani kuona kama mizani ndiyo inayodanganya. Mizani ilikuwa sawa. "Basi mgonjwa anakula nje," akasema. Sikukubali, kwa sababu Papa Kabeya hakuonekana kuwa mtu wa kula popote. Alirudi kutoka kazini, akaketi, akageuzageuza vipande vya nyama kwa kidole kana kwamba kuna kitu kimemwangukia humo, kisha akasukuma sahani na nusu ya chakula. Nilifikiri anatafuta mifupa, nikaanza kuitoa mifupa midogo yote. Alizidi kunyamaza. Zamani alinisalimia, "Docteur yetu, habari ya masomo?" Siku hizo alijibu "sante" bila kuinua macho, na kwa mkewe hakusema neno kabisa. Mama Ntumba aliniuliza jikoni kama nimemkosea Papa. Nami nilitaka kumwuliza yeye hilohilo.

Kwaresima ilikuwa inaelekea ukingoni. Jumapili moja baada ya Misa niliingia ua wa Mama Ntumba na kikapu changu cha mizani, nikakuta viti vimepangwa. Wazee wa ukoo wa Papa Kabeya walikuwa wamekaa, wamevaa vizuri, nyuso zimefungwa. Katikati alikaa Tanti Meta, dada mkubwa wa Papa Kabeya, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Mama Ntumba alikuwa kwenye mkeka peke yake. Nilisema hodi, nikageuka niende zangu nisije nikaingilia mambo ya watu. Tanti Meta akaniita.

"Mutoto, weye njo unapikaka mu nyumba ya ndugu yangu?"

"Ndiyo, Tanti."

"Kuku moja iko na firigisi ngapi?"

Nilifikiri ni mtego wa masomo. "Moja, Tanti."

"Iko wapi?"

Nikapumua. Kumbe swali lenyewe ninalijua. Niliweka kikapu chini nikaanza kueleza, kama Masera alivyotufundisha, habari za asidi ya uriki, inavyotoka katika viungo vya ndani na kujikusanya kwenye maungio ya mifupa. Wazee walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mmoja alimwinamia mwenzake akauliza huyo Uriki ni mtoto wa nani.

"Minye naulizia firigisi," Tanti Meta akasema. "Inatokaka humu mu majani ya mugomba, batu ya Kikula beko banaona. Inaendaka kwa mwanaume gani?"

Niligeuka nikamtazama Mama Ntumba. Hapo tu ndipo akili ikanijia. Kwao, na hata kwetu, firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtoto anajua. Mke akimnyima mumewe amemtukana, na akimpelekea mwanamume mwingine, amekwisha kusema yote. Mizigo yake hufungwa siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimeijua desturi hiyo tangu utotoni, ila nilidhani karatasi ya daktari imeifuta. Niliogopa. Nikasema ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema.

"Inaendaka kwa baba yangu."

Ukweli ule ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Wazee walitazamana. Mmoja akauliza polepole kama baba yangu ana mke. Nikasema yuko na mama yangu, kambini. Akauliza tena kama mama yangu anajua. Nikasema yeye ndiye anayezipasha moto. Huyo mzee alishika kidevu, nadhani naye alianza kuchanganyikiwa, na mimi niliona afadhali nimepata mwenzangu.

Papa Kabeya ndiye aliyesema mwishowe, akiutazama mguu wake. "Tangu huyu mutoto alianzaka kupika, hata siku moja sijaona firigisi mu sahani yangu. Sikuulizaka. Mwanaume anaulizaka firigisi? Nikasema mu roho yangu, bon, bibi yangu ananitoa mu nyumba pole pole. Njo maana nikitoka ku kazi napita kwa dada yangu."

"Kufanya nini, Papa?" Nilisahau adabu, swali likanitoka.

"Kula," akajibu Tanti Meta kwa niaba yake, na alisema kwa fahari. "Kwangu iko firigisi, iko maini, iko mbuzi ya kuchoma na biya ya baridi. Ndugu yangu hakosi heshima wakati minye niko muzima."

Mama Ntumba aliinuka kutoka kwenye mkeka. Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. "Docteur alikukataza mbele ya macho yangu na yako. Weye mwenyewe ulisema ndiyo, docteur."

"Docteur alikatazaka kukula," Papa Kabeya akasema. "Hakukatazaka kuona."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja: mtu mzima, karani anayesoma Kifaransa bila kukwama, amekaa miezi na maumivu mawili, ya mguuni na ya moyoni, na neno moja tu lingeyatibu yote. Bahati nzuri mzee mwingine alimfahamu baba yangu tangu kazini. Alisema huyo mtu hata kupanda kitanda kwake ni safari, sembuse kupanda mpaka Kikula kutafuta wake za watu. Hapo wakacheka, na Mama Ntumba akakaa chini akalia kwa kitenge usoni.

Wazee wakaamua hivi. Firigisi itapikwa, itawekwa juu ya sahani ya Papa Kabeya, nzima, mahali pa kuonekana. Yeye ataiangalia, halafu ataitoa kwa mkono wake ampe anayemtaka. Na kwa dada yake atakwenda kusalimia tu. Tanti Meta hakupenda, lakini alikubali baada ya kuahidiwa kwamba atakuwa anaonyeshwa firigisi hiyo. Nilipomweleza Masera, alifungua kitabu chake atafute firigisi ya kuangaliwa inaandikwa safu gani. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Safari hii hakunipa jina la kuazima.

Mguu ulitulia. Siku ya Pasaka Papa Kabeya alikwenda kanisani na viatu viwili, nami nikabaki kazini na shuleni. Ninyi mlionifuata wodini mlizoea kunicheka mlipoona nampelekea mgonjwa wa kisukari kipande chake cha keki ya sherehe kwenye kisahani, nasimama kando yake namwuliza atampa nani. Mlisema ni uchawi wa Mama Feza. Si uchawi. Nilijifunza kumwachia mtu kilicho chake akitoe mwenyewe, ingawa sijawahi kuweza kulieleza jambo hilo kwenye ripoti.

Lakini shida haikuishia Kikula. Jumapili ya kwanza ya mpango mpya, Papa Kabeya aliinua firigisi, akaiangalia kwa utulivu, akaniambia, "Pelekea baba yako. Useme ni minye nimemupa." Nilikwenda mbio na furaha yangu. Sasa ilinibidi nimweleze baba habari yote, tangu mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho, akaifunika sahani.

"Kumbe nilikuwa nakula mu sahani ya mwenzangu," akasema. "Rudisha."

Nilimsihi, mama akamsihi. Alikuwa amebaki na hamu ya vitu vichache sana, na hicho kilikuwa cha kwanza. Alikonda mbele ya macho yangu na hakukubali. Nikairudisha firigisi Kikula. Papa Kabeya aliona amedharauliwa, akaituma tena Jumapili iliyofuata. Baba akairudisha tena. Nilipanda na kushuka kati ya wanaume wawili na bakuli lililofunikwa, mwanafunzi wa lishe, na chakula chenyewe hakikumlisha mtu. Nilikuwa nimemponya mgonjwa wa watu wengine na sasa baba yangu mwenyewe ndiye ananishinda.

Ndipo Jumapili moja niliposikia wanawake wa kambini wananyamaza bombani. Nikachungulia. Papa Kabeya alikuwa anakuja kwa miguu yake, abakosti shingoni imefungwa, ameshika sahani iliyofunikwa kwa mikono miwili. Mwanamume wa Kasai, karani, amebeba sahani barabarani. Alibisha hodi, akakaa karibu na kiti cha baba, akafunua.

"Mwenzangu," akasema, "minye mwenyewe nimeileta. Kula."

"Iko yako," baba akajibu. "Anza weye."

"Docteur alinikatazaka."

"Basi na minye sikuli."

Wakakaa wanaitazama. Halafu baba akaomba kisu, akaikata katikati, polepole kwa sababu ya pumzi, na wote wawili wakainua macho wakanitazama mimi.

"Mutoto," Papa Kabeya akasema, "weye njo unasoma. Nusu iko mubaya?"

Nilijua jibu la kitabu. Nilijua pia kwamba mmoja asipokula, mwingine hali, na kwamba baba hakuwa na wiki nyingi za kuchezea. Mizani ilikuwa kwenye kikapu mlangoni, na haikuwa na la kunisaidia.

"Kuleni," nikasema.

Walikula polepole, wakizungumza habari za treni za zamani. Baba aliomba na bukari. Mama alitoka nje ili asionekane analia.

Asubuhi iliyofuata nilikimbia hadi Kikula kabla ya shule kuuona ule mguu. Papa Kabeya alikuwa amekwisha kwenda kazini, mzima, na Mama Ntumba akanishangaa nahema mlangoni. Nilikuwa nimevunja rejime na mgonjwa hajambo. Sikujua niandike nini daftarini, sikuandika. Jioni baba aliniuliza kama rafiki yake ameamka salama. Nikamwambia ndiyo.

"Basi Jumapili aje tena," akasema. "Lakini weye ukae mbali. Unatuangaliaka sana, chakula inakosa utamu."